Sura ya 6: Kibali cha Ini Kiko kwa Nani?

"Daktari alisema ini la baba limekwisha, kilichobaki ni kupandikizwa jingine. Ripoti tumepeleka. Mwezi wa pili huu unakatika na simu haijalia. Tunangoja nini hasa?"

Familia yenye mgonjwa wa ini katika wilaya ya Kicukiro, jijini Kigali, iwe inakaa Gikondo, Niboye au kule Masaka, haikosi kuuliza swali hili. Hulielekeza kwa muuguzi, kwa karani wa bima, kwa mtu yeyote aliyeshika faili. Kila mmoja hujibu kwa kadiri ya meza yake, na familia hurudi nyumbani na majibu manne yasiyokutana.

Jibu lenyewe ni kwamba hamngoji kitu kimoja. Vibali viko vitano: cha madaktari, cha mchangiaji, cha rufaa, cha pesa, na cha nchi mnakokwenda. Kila kimoja kina mwenyewe, na wenyewe hao mara nyingi hawaulizani. Familia nyingi huhesabu kimoja tu, cha Wizara ya Afya, zikakaa kukitazama hicho huku vingine vinne vimelala bila mtu wa kuviamsha.

Hakuna foleni

Tuanze kwa kuondoa dhana moja. Wengi huuliza, "Sisi ni wa ngapi?" wakidhani kuna orodha mahali fulani na jina la mzee wao linapanda taratibu, kama foleni ya benki.

Orodha za namna hiyo zipo, lakini kwingine. Mnyarwanda anayeishi Brussels akiharibikiwa na ini, huandikishwa na hospitali yake katika Eurotransplant, shirika lililoanzishwa 1967, ambalo sasa hugawa viungo katika nchi nane za Ulaya. Hapo kweli anangoja mtu afe, familia ya marehemu au sheria iruhusu, na ini lifike kabla ya saa kama 12 kupita, kwa sababu likishatolewa mwilini halidumu zaidi ya hapo likihifadhiwa kwenye barafu.

Ndugu yake aliyebaki Kicukiro hayumo kwenye orodha yoyote ya aina hiyo. Rwanda haina mpango wa kupandikiza ini. Yeye atapata kipande cha ini la mtu aliye hai, tena kwa kawaida ndugu wa damu au mwenzi wa ndoa, na atakipata ng'ambo, mara nyingi India. Kwa hiyo hakuna jina linalopanda. Lipo faili, na faili halisogei bila mtu wa kulisogeza.

Kwa nini si hapa hapa?

Swali hili ni la haki, hasa kwa mkazi wa Kicukiro. Hospitali kubwa ya jeshi iko Kanombe. Masaka kuna IRCAD Africa, kituo kilichozinduliwa 2023 kufundisha madaktari upasuaji wa matundu madogo, tawi la taasisi ambayo Jacques Marescaux aliianzisha Strasbourg mwaka 1994 ili kupambana na saratani za mfumo wa chakula, ini likiwemo. Ukivuka kwenda wilaya ya Gasabo, Hospitali ya King Faisal imekuwa ikipandikiza figo tangu 2023, na Januari 2025 Baraza la Mawaziri likaidhinisha upandikizaji wa figo uingizwe katika huduma za mutuelle, bima ya afya ya jamii. Basi kama figo inawezekana, ini lina nini?

Figo zikigoma, ipo mashine ya kusafisha damu. Mgonjwa huunganishwa nayo mara 2 au 3 kwa wiki na anaweza kuishi hivyo miaka. Upasuaji ukiharibika, anarudi kwenye mashine. Ini halina mashine ya kumshikilia mtu kwa miezi. Likipandikizwa na likakataa kufanya kazi, dawa ni kupata jingine ndani ya siku chache, la sivyo mgonjwa anakufa. Ongeza kwamba upasuaji wa mchangiaji hai hutaka vyumba viwili vya upasuaji kwa wakati mmoja, timu mbili, akiba kubwa ya damu, na chumba cha wagonjwa mahututi kisichozimika usiku. Thomas Starzl alipojaribu mara ya kwanza duniani, Denver mwaka 1963, mgonjwa wake, mtoto wa miaka 3, alivuja damu hadi akafa. Ilimchukua hadi 1967 kufanikiwa. Barani Afrika, Misri na Afrika Kusini ndizo zenye mipango ya ini iliyokomaa.

Mimi nadhani Rwanda itafika huko, na figo ndiyo shule yenyewe. Lakini mgonjwa wa leo hawezi kuingojea shule hiyo ihitimishe.

Kibali cha kwanza: namba

Kabla ya yote, madaktari hujibu maswali mawili: je, ini hili limeharibika kiasi cha kulitoa? Na je, mwili huu utaustahimili upasuaji?

Swali la kwanza hujibiwa kwa namba iitwayo MELD. Huanzia 6 na kuishia 40, na hupatikana kwa vipimo vya kawaida vya damu: bilirubini (rangi ya njano ambayo ini zima huiondoa), kreatinini (huonyesha hali ya figo), INR (huonyesha damu inachukua muda gani kuganda), na siku hizi chumvi ya sodiamu. Marekani imekuwa ikigawa maini kwa namba hii tangu 2002. Kabla ya hapo aliyengoja zaidi ndiye aliyefikiriwa zaidi. Baada ya hapo, aliye karibu zaidi na kifo.

Kwa kawaida mazungumzo ya kupandikiza huanza namba ikifika 15 au zaidi. Mwenye 11 anaweza kuambiwa aendelee na dawa, na familia ikasikia kwamba amenyimwa. Hakunyimwa. Kwa namba hiyo, upasuaji unaweza kumuua mapema kuliko ugonjwa wake. Upande wa pili pia upo: namba ikipanda mno, figo zikafuata, maambukizi yakaingia, madaktari wanaweza kusema hatasafiri. Kati ya mapema mno na kuchelewa mno kuna dirisha, na kazi ya familia ni kujua mgonjwa yuko wapi ndani yake. Ajabu ni kwamba wengi hubeba faili lenye kurasa 60 bila kujua namba hiyo moja.

Mwenye saratani ya ini hupimwa kwa kipimo kingine, kilichotoka Milan mwaka 1996: uvimbe mmoja usiozidi sentimita 5, au vivimbe visivyozidi vitatu ambavyo hakuna hata kimoja kinachopita sentimita 3, bila kuingia kwenye mishipa mikubwa wala kuenea kwingine. Hospitali nyingine zimelegeza kidogo mipaka hiyo, lakini ndiyo inayoanza kutajwa.

Kwa aliyeharibiwa na pombe, iwe urwagwa au chupa ya dukani, hospitali nyingi hudai miezi 6 bila tone. Kanuni hiyo inabishaniwa na madaktari wenyewe, maana wapo wasioweza kufikisha miezi 6 wakiwa hai. Lakini kuibishia kliniki huku mgonjwa bado ananuka bia ni kupoteza muda.

Halafu kuna habari njema ambayo huwa haisemwi vya kutosha. Desemba 2018 Rwanda ilianza kampeni ya kutokomeza homa ya ini aina ya C, ikapima mamilioni ya watu na kuwatibu kwa vidonge vya wiki 12. Wapo wagonjwa ambao virusi vikishaondoka, ini hupata nafuu kiasi cha kuacha kuhitaji upandikizaji. Aina ya B haiponi kwa namna hiyo, ila dawa ya tenofovir huizuia. Kabla hamjauza kiwanja, hakikisheni virusi vimepimwa na dawa imeanza.

*Kwa ufupi: kibali cha kwanza hakitoki Wizarani. Kinatoka kwenye damu ya mgonjwa, na hubadilika kila anapopimwa.*

Kibali cha pili: nani atatoa?

Hapa ndipo muda mwingi hupotelea, na hapa ndipo familia hazipendi kutazama.

Ini ni kiungo cha pekee ambacho kipande chake hukua tena. Mchangiaji wa mtu mzima hutoa upande wa kulia, kama asilimia 60 ya ini lake. Mzazi anayemchangia mtoto mdogo hutoa sehemu ndogo ya kushoto. Ndani ya miezi michache kilichobaki hukaribia ukubwa wa zamani. Lakini si bure: kwa wanaotoa upande wa kulia, inakadiriwa kati ya 2 na 5 kwa kila 1,000 hufariki. Anayewaambia kwamba hakuna hatari yoyote anawadanganya.

Nani anafaa? Kundi la damu liendane, umri kwa kawaida uwe kati ya 18 na 55, ini lisiwe na mafuta mengi, asiwe na homa ya ini. Kisha inakuja hesabu ya uzito. Kipande kinachotolewa kinapaswa kufikia angalau asilimia 0.8 ya uzito wa mgonjwa, na mchangiaji abakiwe na si chini ya asilimia 30 ya ini lake. Chukua baba wa Kagarama mwenye kilo 90. Anahitaji gramu 720. Dada yake, mwembamba, ini lake zima ni gramu 1,000. Akitoa 720 atabakiwa na 280, asilimia 28. Jibu ni hapana, hata awe na moyo mkubwa kiasi gani. (Maji ya tumboni hayahesabiwi, madaktari hutumia uzito wa mgonjwa bila maji hayo. Ulizeni kama waliyatoa kwenye hesabu.)

Sheria ya India ya 1994, iliyorekebishwa 2011, inawataja ndugu wa karibu: mwenzi wa ndoa, wazazi, watoto, ndugu wa kuzaliwa, mababu na mabibi, na wajukuu. Orodha hiyo inadhani familia iko nzima. Kicukiro wapo watu wazima ambao mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya 1994 yaliwaachia shangazi mmoja tu, au hayakuwaachia mtu. Wapo waliolelewa na binamu wanaowaita kaka na dada, na hakuna anayekumbuka tofauti hadi siku ya kujaza fomu. Binamu hakatazwi moja kwa moja, lakini faili lake hupitia uchunguzi mrefu zaidi. Ni vyema kulijua hilo mwezi wa kwanza, si wa nne.

Tena kuna majina. Kwa desturi ya Rwanda kila mtoto ana jina lake, si lazima abebe la baba. Kamati ya idhini ya upandikizaji ya New Delhi au Chennai inawaona watu wawili wanaojiita ndugu wa tumbo moja na hawana hata jina moja la pamoja. Kwetu ni jambo la kawaida. Kwao ni dalili ya biashara. Ndiyo maana wanadai vyeti vya kuzaliwa, picha za zamani za familia, na mara nyingi kipimo cha DNA.

Msiwaone wabaya. Mwaka 2025 Kenya iliunda kamati kuchunguza tuhuma za biashara ya figo katika hospitali moja ya Eldoret. Kijana anayeuza kiungo naye huja na hadithi nzuri ya undugu. Wanaouliza sana wanamlinda huyo.

Na mchangiaji ana haki ya kukataa. Hospitali makini humhoji peke yake, bila baba wala shemeji mlangoni, na humwambia: ukibadili nia, hata asubuhi ya upasuaji, sisi tutaiambia familia kwamba hufai kitabibu. Hatutasema zaidi. Naona huo ndio utaratibu wa kibinadamu kuliko wote katika sura hii. Kwa hiyo mkijibiwa kwamba binti hafai, msimfuate jikoni kumuuliza kipimo gani kilikataa.

Wakati mwingine kibali cha mchangiaji hulazimisha watu kufikiri upya kabisa. Johannesburg, katika kituo cha Wits Donald Gordon, mtoto asiye na virusi vya UKIMWI alikuwa ameshangoja ini kama siku 180, wakati wastani wa pale ulikuwa siku 49. Aliyekuwa tayari kumchangia ni mama yake, naye alikuwa anaishi na virusi hivyo. Kamati ya maadili ya chuo kikuu ikaketi, ikapima hatari mbili, ikaruhusu. Upasuaji ulifanyika 2017 na mtoto akaishi.

Cha tatu na cha nne: rufaa na pesa

Rufaa hupanda ngazi: kituo cha afya, hospitali ya wilaya, hospitali ya rufaa. Anayeruka ngazi huweza kukosa bima baadaye. Ripoti ya kwenda nje huandikwa na madaktari bingwa wa hospitali ya rufaa, hupitiwa na kamati ya madaktari, kisha Wizara hutoa idhini. Faili hurudishwa zaidi kwa ajili ya upungufu kuliko kwa kukataliwa: ripoti isiyo na sahihi, picha ya CT ya mwaka jana, jina lililoandikwa tofauti na kwenye pasi. Mteueni mtu mmoja wa familia awe mwenye faili, ajue limefika meza gani, na apige simu siku ile ile kila wiki. Si lazima awe msomi, awe mvumilivu.

Kwenye pesa nitakuwa mfupi. India, upasuaji wa ini kwa mchangiaji hai hugharimu takriban dola 25,000 hadi 40,000. Wanaochangishana kwenye ibimina (vikundi vya akiba), kanisani, msikitini na WhatsApp hulenga namba hiyo na kusahau zilizobaki: kodi ya chumba karibu na hospitali kwa miezi 2 au 3, chakula cha watu watatu, tiketi, na dawa za kuzuia mwili usilikatae ini jipya, kama takrolimasi, ambazo hunywewa maisha yote na hupimwa kiwango chake kwenye damu. Ulizeni mapema: je, bima yetu inalipa nini nje ya nchi, na ikitulipia, italipia dawa tukirudi? Jibu mlipate kwa maandishi. Neno la dirishani halina sahihi.

Cha tano: nchi mnayokwenda

Kwa mgonjwa wa kigeni, kamati ya idhini ya India lazima ikae hata kama mchangiaji ni mama mzazi. Inataka hati ya ubalozi inayothibitisha undugu, kwa hiyo ubalozi wa Rwanda ulioko New Delhi unahitaji vyeti vyenu kabla. Kisha mahojiano, yanayorekodiwa kwa video: mnajuanaje, nani alilipa tiketi, unajua hatari zake? Semeni kweli, kwa lugha mnayoimudu, na mwombe mkalimani. Viza za matibabu za mgonjwa na za wasindikizaji huombwa pamoja, mchangiaji akiwemo.

Wakati faili linatembea

Mgonjwa anayefika India amekonda na ana maambukizi hurudishwa kitandani, na kibali cha kwanza huanza upya. Yafuatayo hayahitaji idhini ya mtu:

- Alishwe vizuri. Imani kwamba mgonjwa wa ini asile protini imepitwa na wakati. Maharage, mayai na samaki vinamfaa, na ale kitu kidogo kabla ya kulala.
- Chumvi ipungue sana akiwa na maji tumboni.
- Asinywe ibuprofeni wala diklofenaki. Maumivu yakizidi, amuulize daktari kiwango cha parasetamoli.
- Mitishamba ya ini isimamishwe yote, hata ile ya mzee mnayemwamini.
- Akipewa dawa ya laktulosi, anywe hadi apate choo laini mara 2 au 3 kwa siku. Hiyo ndiyo inayozuia sumu kupanda kichwani.
- Ndugu wote wapimwe homa ya ini B, na wasio nayo wachanjwe. Chanjo ya watoto wachanga ilianza Rwanda 2002. Waliozaliwa kabla ya hapo wengi hawakuipata.

Kutapika damu, choo cheusi kama lami, homa pamoja na tumbo lenye maji, au kuanza kuchanganyikiwa: hayo hayangoji kliniki ya Jumanne. Pigeni 912.

Mtoto mchanga hangoji

Nimeliacha kundi moja hadi mwisho, kwa sababu kwao kungoja ndilo kosa lenyewe. Watoto wengine huzaliwa na njia za nyongo zilizoziba. Dalili ni macho ya njano yasiyoisha baada ya siku 14, mkojo wa rangi nzito, na choo cheupe au kilichopauka kama majivu. Mara nyingi jirani humwambia mama amwanike mtoto juani. Jua haliwezi kuzibua njia ya nyongo.

Upasuaji ulioanzishwa na Morio Kasai wa Japani huunganisha utumbo na ini ili nyongo ipite, na hufaa zaidi ukifanywa kabla mtoto hajatimiza siku 60. Baada ya hapo nafasi hupungua kila wiki, na wengi huishia kuhitaji ini jipya, yaani vibali vyote vitano tulivyovitaja. Mama akiona choo cheupe kwenye nepi, asingoje siku ya chanjo. Ampeleke mtoto kituo cha afya siku hiyo hiyo, na nepi aibebe.